Karatasi ya Majibu ya Damu



Sisi tunaoandika haya ni watu wa benchi. Kila mwezi, siku ya kliniki, tunaketi nje ya chumba cha daktari, wenye kisukari pamoja na wenye shinikizo la damu. Wengine tumetoka Ujiji kwa daladala, wengine tumekuja kwa miguu kutoka Kibirizi, na wengine wameteremka kutoka Kalinzi tangu alfajiri, hawajatia kitu kinywani kwa sababu damu yao ni ya kupimwa kabla ya kula. Kila mmoja ana daftari lake. Tumeketi pamoja miaka mingi, hata tunaulizana, "Sukari imeamkaje?" kama vile majirani wanavyoulizana habari za watoto.

Lakini iko saa moja katika siku hiyo ambayo mazungumzo hukatika. Ni pale karatasi za maabara zinapoletwa. Mtu aliyekuwa akieleza bei ya dagaa hunyamaza. Mwingine huifungua karatasi yake kidogo, akaikunja tena. Mgonjwa wa siku mbili anapopimwa damu hutaka kujua ana nini. Sisi wenye maradhi ya kudumu tunajua tulicho nacho. Tunachoogopa ni kuambiwa kwamba kimesogea mbele. Kwamba baada ya miaka mingi ya vidonge, ya kupunguza ugali na kuacha chai ya sukari, sasa figo nazo zimeanza kulalamika, au macho. Hofu hiyo ina uchungu wa pekee, maana humjia mtu aliyekwisha kudhani kwamba amezoea.

Kwa hiyo tungependa tuulizane jambo moja. Mtu anapopewa habari mbaya za damu yake, imempasa afanye nini nazo? Je, ana haki ya kutokujua? Je, ana haki ya kujua peke yake na kuwaficha walio nyumbani? Tuanze na kisa cha mmoja wetu, ambaye ameturuhusu tukisimulie bila kutaja jina lake.

Mwenzetu huyu ni fundi wa mitumbwi. Ameishi na kisukari miaka 12. Mgongo wake humsumbua kwa kuinamia mbao, na kwa ajili hiyo alikuwa amezoea kununua dukani vidonge vya kutuliza maumivu, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Siku moja alipewa majibu yake, na kando ya namba moja palikuwa na alama ya mshale ulioelekea juu. Ilikuwa namba ya kreatinini, takataka itokayo katika kazi ya misuli, ambayo figo huitoa katika damu. Watu walikuwa wengi siku hiyo, naye hakungoja kumwona daktari. Aliiangalia namba, akauangalia mshale, akamkumbuka ndugu yake aliyekufa kwa ugonjwa wa figo, akaondoka. Karatasi aliikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa koti lake la Jumapili.

Alikaa nayo wiki 6. Mchana alifanya kazi, lakini alikataa kuanza mtumbwi mpya, akasema moyoni kwamba hatakuwapo kuumaliza. Usiku hakulala. Mgongo ulipozidi, maana hofu hukaza mwili, aliongeza vidonge, vikawa viwili na viwili.

Mkewe aliikuta karatasi alipotaka kulifua lile koti. Akamwuliza, "Baba watoto, hii ni nini?" Mume akajibu, "Sikutaka ulale na wasiwasi." Mkewe akasema, "Wiki 6 nakusikia ukigeuka kitandani mpaka jogoo anawika. Ulidhani mimi nilikuwa nimelala?"

Asubuhi yake walikwenda wote wawili. Daktari aliuliza maswali machache, na moja lilihusu dawa anazojinunulia mwenyewe. Hapo ndipo jambo lilipojulikana. Dawa nyingi za namna ile, kama diklofenaki na ibuprofeni, huweza kupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na mwenye kisukari azitumiapo muda mrefu bila ushauri huziongezea figo zake mzigo. Aliambiwa aziache, akaelezwa njia nyingine ya kuutunza mgongo, akapewa siku ya kurudi kupimwa. Aliporudi, namba ilikuwa imeshuka. Hatutaki kuwadanganya wasomaji: haikurudi mahali ilipokuwa zamani. Figo zake zimechoka kiasi, naye anajua hivyo. Lakini namba imetulia pale ilipo, na mtumbwi ule mpya umekwisha kushushwa majini.

Tukitafakari kisa hiki twaona kwamba mwenzetu alidhani amechagua jambo moja tu, yaani kutowaumiza watu wake. Kumbe alichagua na mengine bila kujua. Alichagua kuendelea kumeza kile kilichokuwa kikimdhuru. Alichagua kuisoma peke yake karatasi iliyohitaji msomaji mwingine. Naye alimnyima mkewe kazi ambayo mkewe alikuwa na haki nayo, ya kumtunza mumewe. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tumezoea kuisikia methali hii kama tisho. Kisa hiki kimetufundisha kwamba hata kabla kifo hakijafika, maradhi yaliyofichwa humla mtu kwa njia mbili: yanafanya kazi yake mwilini, na siri inafanya kazi yake moyoni.

Basi yafaa tujue karatasi yenyewe ni kitu gani. Pembeni mwa kila namba zimeandikwa namba nyingine mbili, ya chini na ya juu. Mipaka hiyo kwa kawaida hupatikana kwa kuwapima watu wengi wenye afya njema, kisha kuchukua wale 95 wa katikati katika kila 100. Maana yake ni kwamba katika kila watu 20 wenye afya, mmoja hivi atatoka nje ya mipaka ingawa hana ugonjwa. Mtu mwenye afya akipimwa vipimo 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kimoja angalau kuwekewa mshale ni kama asilimia 64. Mshale ule basi ni alama ya kumwambia daktari, "Angalia hapa." Hausemi zaidi ya hayo mpaka mtu aangalie.

Tena damu ya leo ni ya leo. Kreatinini huweza kupanda kwa kuharisha, kwa kukosa maji mwilini, au kwa kula nyama nyingi jana yake. Ndiyo sababu madaktari hawauiti ugonjwa wa figo kuwa ni wa kudumu mpaka dalili zake zionekane kwa zaidi ya miezi 3. Sukari nayo huweza kupanda kwa sababu ya malaria au kidonda kilichooza. Kiko kipimo kiitwacho himoglobini A1c, ambacho hutazama sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu. Na kwa kuwa chembe hizo huishi kama siku 120, kipimo hicho hueleza habari za miezi 2 au 3 iliyopita. Lakini hata hicho huweza kupotoka kwa mtu aliyepungukiwa damu au mwenye selimundu, na watu wa namna hiyo wako wengi kwetu.

Hatusemi haya ili watu wazidharau karatasi. Mwenye kuidharau ameikimbia vilevile, ila kwa mlango mwingine. Twasema kwamba karatasi moja haijisomi. Isomwe pamoja na zile zilizoitangulia, na pamoja na mtu anayejua, na mwenye damu yake akiwapo ili aulizwe anakula nini, anakunywa nini, analala vipi. Hakuna namba inayoweza kuyajibu hayo kwa niaba yake.

Liko jambo jingine linalotufanya tuifiche karatasi, nalo ni aibu. Sukari ikipanda, wengi wetu tunajisikia kana kwamba tumekamatwa tukiiba. Kwenye benchi letu kuna neno ambalo kila mmoja amewahi kuambiwa: "Umekula nini?" Kwa kuliogopa neno hilo, tumewaona wenzetu wakijinyima chakula siku mbili kabla ya kliniki ili namba ipendeze, na tukiri kwamba baadhi yetu tumefanya hivyo pia. Huo ni uongo wa ajabu. Anayedanganywa ni yule anayetaka kutusaidia, na dawa anayoiandika inakuwa ya mtu mwingine asiyekuwapo pale. Tena ni hatari, kwa maana mwenye kutumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, akijinyima chakula huweza kushukiwa na sukari hata akazimia njiani.

Lakini nao waulizaji hawana budi kujipima. Kisukari cha watu wazima hakisogei kwa sababu ya ulafi tu. Kongosho huendelea kudhoofika mwaka hata mwaka, hata kwa wengi wanaoshika masharti. Wako watiifu ambao namba zao zimepanda, na wako wazembe ambao zao bado hazijapanda. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kutangazwa mwaka 1989 uliwakuta na kisukari watu wazima pungufu ya mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 uliwakuta kama 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo vya nyakati hizo mbili havikufanana kwa kila jambo, wala wa kwanza haukuigusa miji. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba Watanzania wa 2012 walikuwa na tamaa mara tisa kuliko wazazi wao. Kilichobadilika ni maisha: chakula, kazi, mwendo, mafuta na sukari ya dukani, na unene. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba wakiwa kimya, na hilo lilikuwa jema. Walianza kukosea pale walipofungua vinywa kumtafutia kosa. Namba hupima damu. Wema wa mtu haupimwi kwa sindano.

Basi tuje kwenye hofu yenyewe, ile inayoigeuza habari kuwa hukumu. Hapa Ujiji, mahali tunapoketi jioni tukitazama ziwa, aliwahi kukaa mtu aliyeijua hofu hiyo. Mwaka 1867, akiwa bado mbali kusini mwa ziwa hili, David Livingstone aliibiwa sanduku lake la dawa, na ndani yake mlikuwamo kwinini. Katika kumbukumbu zake aliandika kwamba aliliona jambo hilo kama hukumu ya kifo. Alikuwa na sababu ya kuogopa, maana homa zilimrudia daima. Lakini baada ya hukumu hiyo aliishi miaka 6 tena. Mwanzoni mwa 1869 mapafu yake yaliugua hata hakuweza kutembea, naye alichukuliwa kwa machela mpaka ziwani na watu wa mfanyabiashara Mohamad Bogharib, akavushwa kwa mtumbwi, akafika Ujiji mwezi Machi. Bogharib alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa, biashara ambayo Livingstone aliichukia maisha yake yote. Mgonjwa hakupata nafasi ya kuchagua mikono itakayombeba.

Liko na jingine katika habari zake. Mwaka 1871 Stanley alipomkuta Ujiji, lilikuwapo swali kubwa juu ya mto Rusizi ulioko kaskazini mwa ziwa. Livingstone alitumaini kwamba mto huo unatoka ziwani kwenda kuungana na maji ya Nile. Watu waliulizwa, majibu yakatofautiana. Ndipo wazee hao wawili, ingawa mmoja hakuwa mzee, walipoingia mtumbwini wakaenda kuona kwa macho yao. Walikuta Rusizi unaingia ziwani. Tumaini lake lilijibiwa hapana, naye akalikubali jibu. Lakini Stanley alipomsihi arudi kwao akatibiwe, alikataa. Na mwili uliokuwa ukitokwa damu kwa muda mrefu ulimshinda tarehe 1 Mei 1873. Mtu yule yule aliyekuwa na moyo wa kwenda kuutazama mto hakuwa na subira ya kuusikiliza mwili wake. Sisi tulio kwenye benchi tunamfahamu vizuri, kwa maana tuko hivyo hivyo. Kwa habari za shamba, mashua na ada za watoto tunataka ukweli wote. Kwa habari za damu yetu twapenda kuambiwa nusu.

Wako ndugu watakaosema kwamba mwenye imani hana haja ya karatasi wala ya dawa. Mwaka 2011 watu wengi sana wa nchi yetu na wa nchi jirani walisafiri mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500, nao wenye kisukari walikuwamo. Wako walioacha dawa zao baada ya kunywa, na maradhi yakawarudia. Hatumhukumu aliyekitoa, wala hatuwacheki waliokwenda, maana tunajua walichokuwa wakikitafuta. Mtu aliyechoka kuhesabu vidonge na namba kila siku ya maisha yake angependa kuambiwa kwamba hesabu imekwisha. Uchovu huo ni mzito, na asiyeubeba asiuite upungufu wa imani. Lakini maradhi ya kudumu hayatupi siku ya mwisho ya kuhesabu. Yanatupa kazi ya leo tu, na kesho kazi nyingine ya namna ile ile.

Mfalme Hezekia alipoletewa habari kwamba atakufa, aliugeuzia ukuta uso wake, akaomba, akalia sana. Maandiko hayamlaumu kwa machozi yale. Naye alipopewa ahadi ya kuongezewa miaka, bado palitakiwa mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Ahadi haikuiondoa dawa, wala dawa haikuidharau ahadi. Kwa hiyo mwenzetu akilia siku ya majibu, tumwache alie. Uso wake ukiisha kutoka ukutani, tumkumbushe dawa yake ya jioni.

Lakini tusidhani kwamba kosa ni la wanaokimbia tu. Katika benchi letu yuko mama mmoja ambaye mwanawe wa Dar es Salaam alimletea mashine ndogo ya kupimia sukari. Mashine ni kitu chema. Kwa anayetumia insulini hasa, ni kama taa. Mama huyu hatumii insulini, wala daktari hakumwagiza kupima mara nyingi. Lakini alianza kupima kabla ya kula, baada ya kula, kabla ya kulala, na usiku wa manane. Namba ikiwa 7, siku yake ilikuwa njema. Ikiwa 9, hakwenda popote. Aliacha kwenda kwenye harusi. Aliacha kula na wajukuu sahani moja. Hata mgebuka wa kuchoma, ambao haumdhuru mwenye kisukari, aliuogopa. Siku moja mjukuu wake alimwuliza, "Bibi, leo mashine imekuruhusu kucheka?" Aliposimulia hayo kwenye benchi tulicheka sote, naye akacheka, kisha akafuta macho. Sasa anapima siku alizoagizwa, anaandika katika daftari, anaifunga mashine kabatini. Mtu anaweza kuikimbia namba, na mtu anaweza kuitumikia. Kwa njia zote mbili anasahau kwamba sukari hupimwa ili apate kuishi na watu wake.

Linabaki swali la haki: karatasi hii ni ya nani? Kijana mmoja tunayemfahamu alipokea majibu ya mama yake, akaona ni mabaya, akamwambia mama kwamba mambo ni mazuri. Alifanya hivyo kwa upendo, alisema, "Mama akijua atakufa kwa mawazo." Lakini mama aliendelea kuuliza kwa nini amebadilishiwa dawa, kwa nini wanawe wanapigiana simu uani, kwa nini wanamtazama vile. Alibaki peke yake katikati ya watoto sita. Sisi twaona kwamba karatasi ni ya mwenye damu. Akitaka kusomewa yote, asomewe. Akisema, "Mwanangu, shika wewe, uniambie ninalopaswa kufanya," hilo nalo ni jibu, na ni haki yake. Kosa ni kumwamulia bila kumwuliza.

Hivyo haki ya kutokujua ipo, lakini ni ndogo kuliko tunavyodhani. Mtu anaweza kusema, "Sitaki kuambiwa nitaishi miaka mingapi," na kwa kweli mara nyingi hakuna awezaye kumwambia. Lakini hawezi kusema, "Sitaki kujua kinachotakiwa leo," ikiwa wako wanaomtegemea, na ikiwa kinachotakiwa leo kinawezekana. Fundi wetu alikuwa na haki ya kutofikiri juu ya kifo chake. Hakuwa na haki ya kutouliza juu ya vidonge vyake.

Wala si lazima kila mtu ajue. Mwaka 1998 Mwalimu Julius Nyerere alionekana ana kansa ya damu, ile ya kudumu ambayo mara nyingi huenda polepole. Mwaka huo huo mazungumzo ya amani ya Burundi yalianza Arusha, naye alikuwa msuluhishi. Sisi wa Kigoma hatuhitaji kuelezwa maana ya kazi hiyo, maana kambi za Kasulu na Kibondo zilikuwa zimejaa wakimbizi wa vita ile, na wengi wetu tuliwajua kwa sura. Mwalimu hakuitangaza damu yake sokoni. Aliendelea na kazi, na wananchi kwa jumla walipata habari za ugonjwa wake mwaka 1999, siku zake zilipokuwa zinakaribia mwisho. Alifariki London tarehe 14 Oktoba mwaka huo, kabla mazungumzo hayajakamilika. Mkataba ulitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000, Nelson Mandela akiwa msuluhishi baada yake. Kutowaambia wote hakukuwa udanganyifu, kwa kuwa waganga wake walijua, nao walimtibu. Twajifunza pia kwamba mtu anaweza kuanza kazi asiyo na hakika ya kuimaliza, kama ule mtumbwi wa fundi wetu, na kazi ikapata wa kuimaliza.

Basi kwa wenzetu wanaokwenda kliniki mwezi huu, haya ndiyo tunayojaribu kuyashika sisi wenyewe, na hatuyashiki siku zote. Usiondoke na karatasi ambayo hujasomewa, hata kama foleni ni ndefu. Nenda na mtu mmoja unayemwamini, kwa kuwa mwenye hofu husikia neno la kwanza tu, na la pili na la tatu humpita. Uliza mambo matatu: namba hii imebadilikaje tangu mara iliyopita, huenda imesababishwa na nini, na nifanye nini kabla ya kupimwa tena. Taja kila kitu unachomeza, pamoja na cha dukani na cha mizizi, bila aibu. Usiache dawa kwa sababu ya namba mbaya, wala kwa sababu ya namba nzuri, kabla ya kuulizia. Mwenzio akitoka mlangoni na uso umebadilika, usimwulize amekula nini. Sogea kidogo, umpe nafasi aketi.

Mwezi uliopita fundi wetu alitoka na karatasi yake, akaja kuketi katikati yetu, akaifungua magotini mbele ya macho yetu. Namba ilikuwa imepanda kidogo. Alituonyesha kwa kidole, akasema, "Wamenipa tarehe ya kurudi." Kisha akamwuliza jirani yake kama dagaa bado wako bei ile ile.